Uncharted: The Lost Legacy bila Nathan Drake: ni gemu kamili au ni makombo ya Uncharted 4?

Nahodha wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nimemaliza Uncharted 4: A Thief's End hivi karibuni, nikiwa nimechelewa mno ukizingatia kwamba gemu hilo lilitoka Mei 2016, na sasa sina hamu ya kurudi kwenye magemu ya mpira kabla sijapata jingine la aina hiyo. Katika duka moja la Kariakoo linalouza diski zilizotumika nimeiona Uncharted: The Lost Legacy, na muuzaji amekubali kuniwekea hadi mwisho wa wiki. Kinachonifanya nisite ni kwamba Nathan Drake, msaka hazina ambaye ndiye mhusika mkuu wa mfululizo huu, hayumo kabisa. Anayechezwa ni Chloe Frazer, ambaye alianza kuonekana katika gemu la pili, akiwa pamoja na Nadine Ross, yule mwanamke wa Afrika Kusini aliyewatandika ndugu wote wawili wa Drake katika gemu la nne hadi nikawa namkimbia kila nikimwona.

Rafiki yangu mmoja, ambaye maoni yake huwa nayaheshimu, anasema kwamba hayo ni makombo tu ya Uncharted 4: kamba ileile ya kurusha, gari lilelile lenye winchi, kuta zilezile za kupanda, vimekusanywa vikapewa jina jipya na kuuzwa mara ya pili. Mwingine, naye amelimaliza, ananiapia kwamba linalizidi gemu la nne lenyewe. Siwezi kusema kwamba mmoja wao anabahatisha, kwa sababu wote wawili wameshika pedi na kufika mwisho.

Ningependa kuwasikia waliolicheza. Je, linasimama kwa miguu yake, au ni nyongeza iliyovalishwa jalada? Je, ufupi wake unamwacha mtu akijiona ameibiwa? Mimi hucheza usiku nikitoka kazini, kwenye PlayStation 4 ya kawaida, na bando langu haliwezi kubeba upakuaji mkubwa, ndiyo maana nategemea diski. Nawaomba msinifichulie mwisho wa hadithi.

Fundi wa Sinza

Mleta mada, nitaanza na historia yake kidogo, kwa sababu hapo ndipo ubishi wa rafiki zako unapozaliwa. Naughty Dog, watengenezaji wa mfululizo huu, walipomaliza Uncharted 4 waliahidi nyongeza ya hadithi kwa wanunuzi wa gemu hilo. Kazi ikaanza ikiwa ndogo, ikawakulia mikononi, na mwishowe wakaamua kuitoa peke yake, Agosti 2017, kwa bei ya dola 40 badala ya 60 ambazo gemu kubwa lilikuwa likiuzwa wakati huo. Waliokuwa wamenunua toleo la bei ya juu la Uncharted 4, lile lenye nyongeza zote ndani yake, walilipata bila kulipa tena. Kwa hiyo anayesema lilianza kama nyongeza hajakosea hata kidogo. Anayesema limebaki kuwa nyongeza ndiye ninayetofautiana naye.

Mimi natengeneza konsoli na nina chumba kidogo cha kuchezea magemu, na naweza kukueleza kwamba magemu ya hadithi hayaniingizii fedha. Mteja hulipia mechi, hulipia dakika, na hakuna anayetaka kuzitumia dakika zake kusikiliza watu wakizungumza juu ya sanamu. Hata hivyo, The Lost Legacy nilikuwa nikilicheza mwenyewe asubuhi kabla wateja hawajajaa, na ndilo lililowafanya vijana wakae nyuma yangu kwenye benchi wakitazama bila kudai zamu. Sehemu iliyowakamata zaidi ilikuwa sura ya mwisho, kwenye treni, ambako unaruka kutoka behewa hadi behewa, unaingia kwenye gari linalokimbia kando ya reli, unarudi tena juu ya paa, na yote hayo yanaendelea bila mchezo kukatika hata mara moja ili kupakia sehemu nyingine. Kwa mtu anayejua PlayStation 4 ina nini ndani yake, kazi ile ni ya kuvuliwa kofia. Feni ya konsoli yangu ilikuwa ikilia kama ndege inayotaka kuruka, lakini picha haikuyumba.

Kuhusu ufupi, ukicheza kwa mwendo wa kawaida utalimaliza kwa saa saba au nane, yaani karibu nusu ya gemu la nne. Mimi kwa upande wangu naona saa hizo ni faida kwako wewe unayecheza usiku tu. Uncharted 4 lina sehemu nyingi za katikati ambazo hadithi inatembea kwa magongo. Utakumbuka mwenyewe jinsi Scotland ilivyokuwa haiishi. Hapa hakuna nafasi ya kujivuta.

Mtu asikutishe pia kwamba magemu ya pembeni hayana heshima. Mfululizo huu wenyewe ulikuwa nalo moja hapo kabla, Uncharted: Golden Abyss, lililotengenezwa na Bend Studio kwa ajili ya PlayStation Vita, na humo Drake alikuwemo mwanzo hadi mwisho. Lakini ni wangapi humu wanalikumbuka? Kuwepo kwa Drake hakukulisaidia kukaa vichwani mwa watu.

Binti Upanga

Kaka Nahodha, chukua hiyo diski. Nitakueleza sababu yangu, nayo haihusiani sana na treni ingawa Fundi ameieleza vizuri.

Katika magemu yote manne ya Drake kulikuwa na mwenzake pembeni, awe Sully, Elena au Sam, lakini wote hao walikuwa watu wanaompenda tayari. Mazungumzo yao ni ya utani wa nyumbani. Chloe na Nadine hawapendani. Mmoja anatafuta kitu ambacho hasemi kwa nini anakitaka. Mwingine amepoteza kampuni ya askari wa kukodiwa aliyoirithi kwa baba yake, yuko pale kwa ajili ya malipo tu, na yuko tayari kuondoka hesabu isipomkalia sawa. Kwa muda mrefu wanaitana kwa majina ya ukoo kama watu wa ofisini. Unapoendesha gari kwenye lile bonde la sura ya nne wanaanza kuzungumza, mmoja anauliza, mwingine anajibu nusu, gari linakwama kwenye tope, mazungumzo yanakatika, na baadaye yule aliyeulizwa anarudia mwenyewe lile jibu alilolibana. Hakuna gemu jingine la mfululizo huu lililonifanya nisimamishe gari makusudi ili wahusika wamalize walichokuwa wakisema.

Wanachokitafuta, huko India, ni pembe ya Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Mimi nimekulia karibu na mtaa wa Kisutu, mahali ambapo mahekalu ya Wahindu yamepangana mlango kwa mlango, na sanamu ya Ganesh mwenye pembe moja nzima na moja iliyovunjika nimeiona tangu utotoni bila kujiuliza imevunjikaje. Ndani ya gemu Chloe anamsimulia Nadine kisa hicho: shujaa Parashurama alifika kutaka kumwona mungu Shiva, baba yake Ganesh, naye Ganesh akamzuia mlangoni kwa sababu baba yake alikuwa amepumzika, wakapigana, na Parashurama akarusha shoka. Ganesh angeweza kulizuia. Lakini alilitambua kuwa ni shoka ambalo baba yake mwenyewe alikuwa amempa Parashurama, akaona si adabu silaha ya baba ionekane imeshindwa, akaacha limkate pembe. (Upo mkondo mwingine wa mapokeo unaosema kwamba aliivunja mwenyewe ili aitumie kama kalamu ya kuandikia Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa Kihindu, na jirani zetu walikuwa wakiusimulia huo zaidi.)

Sasa angalia jinsi walivyokitumia kisa hicho. Baba yake Chloe alikuwa Mhindi, mtafiti wa mambo ya kale, aliyeiacha familia yake ili kuitafuta pembe hiyohiyo. Nadine naye amebeba jina na kampuni ya baba. Wote wawili wamekatwa na shoka la baba, na waandishi hawakusema hivyo waziwazi hata mara moja; wamekiacha kisa cha Ganesh kikae pale, mchezaji akiunganishe mwenyewe akipenda. Kwangu mimi huo ni uandishi wa hali ya juu kuliko siri zote za ndugu wa Drake.

Halafu kuna tembo. Sitasema yuko wapi wala wanampataje. Nitasema tu kwamba baada ya saa nyingi za kupigana na kupanda, gemu linakupa dakika chache ambazo huna adui, huna fumbo, huna cha kukusanya. Unakaa juu ya mgongo wake, unaweza kunyoosha mkono kuchuma tunda na kumlisha, na Nadine, ambaye uso wake umekunjamana tangu gemu lililopita, anacheka. Nilipokuwa nikimchukia katika Uncharted 4, kama wewe, sikudhani kwamba ningefurahi kuona akicheka.

Mzee wa Mbagala

Nimewasoma wote, na kwa kuwa naona mleta mada anapelekwa Kariakoo kwa kasi, acha niwe wa kumshika shati.

Silipingi gemu hili kwamba ni baya. Limetengenezwa vizuri, na wakosoaji walilipa wastani wa 84 kati ya 100, ambao si wa kudharauliwa ingawa gemu la nne lilikuwa na 93. Ninachopinga ni kulipamba kupita kiasi. Ile sura ya nne ambayo dada wa Upanga anaisifu ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Unapewa bonde kubwa, unapanda mnara, Chloe anachora alama kwenye ramani ya karatasi, kisha unaambiwa uende kwenye ngome tatu kwa mpangilio unaoutaka. Uhuru huo ni wa juujuu. Ngome zote ni lazima, njia za gari zinajirudia, maporomoko ya maji unayazunguka mara kadhaa ukitafuta mahali pa kupandia, na ukitaka na vile vidani 11 vya Hoysala vilivyofichwa, utalizunguka bonde hadi utakapolijua kuliko mtaa wako. Kazi hii walikwisha kuifanya kwa ufupi na kwa ustadi zaidi kule Madagaska katika gemu la nne, ambako unapanda matope kwa gari, unafungua winchi, unafika kwenye mnara, na sura inaisha ukiwa bado una hamu.

La pili ni adui. Asav amechorwa kama mtu msomi, mtulivu, anayezungumza kwa sauti ya chini huku akiamuru watu wauawe. Mara ya kwanza anatisha. Mara ya tatu unagundua kwamba hana jingine: anatoa hotuba, anakupiga, unaanguka mahali, unapona. Madai yake ya kisiasa yanatajwa kwa haraka sana hata huwezi kujua wafuasi wake wanampendea nini. Nchi nzima iko vitani katika hadithi hii, na sisi tunapita katikati ya vita hivyo kama watalii.

La tatu ni hiyo treni. Fundi, wewe na mimi tulicheza Uncharted 2, la mwaka 2009, na unajua vizuri kwamba treni ya kwanza ilikuwa ile. Hii ni nzuri zaidi kwa macho, nakubali, lakini ni wazo lililokwishatumika likapakwa rangi upya, tena na mabehewa hayo yamechanganywa na msafara wa magari wa gemu la nne. Hapo ndipo rafiki wa mleta mada anapopata neno lake la makombo, na mimi simlaumu.

Jambo la mwisho, ambalo nashangaa hakuna aliyeligusa: Nadine ni Mwafrika mweusi, na sauti yake imetolewa na Laura Bailey, mwigizaji mzungu wa Marekani. Wakati ule watengenezaji walieleza kwamba mwigizaji alipatikana kabla sura ya mhusika haijaamuliwa. Maelezo hayo nimeyasikia. Bado nasikia lafudhi ya kuigiza kila anapofungua mdomo, na ninajiuliza kama katika Johannesburg yote hakukuwa na mtu.

Nahodha wa Tabata (mleta mada)

Nawashukuru sana wote. Mzee wa Mbagala, umenipunguzia kasi kweli, maana mimi nami nilichoka na kutafuta hazina zilizofichwa katika gemu la nne, nikaziacha zaidi ya nusu. Je, vile vidani 11 ni vya lazima ili hadithi iendelee? Vilevile ningependa kujua kama hiyo Hoysala inayotajwa ni kitu cha kweli au ni ya kubuni, kwa sababu katika gemu la nne jiji la maharamia la Libertalia nililiamini kwa siku kadhaa kabla ya kusoma kwamba hata wanahistoria wanalitilia shaka.

Mwalimu Kigamboni

Mleta mada, Hoysala walikuwepo, na kwa mwalimu wa historia hili ndilo eneo la kufurahisha kuliko yote katika gemu hilo, kwa maana ya kile walichokiheshimu na kile walichokitupa.

Walikuwa ufalme wa kusini mwa India, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Karnataka, na nguvu zao zilikuwa kati ya karne ya 11 na ya 14. Belur na Halebidu, majina mawili unayoyasikia ndani ya gemu, ni miji halisi iliyopata kuwa makao yao makuu, nayo haiko mbali mmoja na mwingine. Hekalu la Chennakeshava la Belur lilianza kujengwa mwaka 1117 chini ya mfalme Vishnuvardhana. Halebidu ilishambuliwa na majeshi ya usultani wa Delhi mwanzoni mwa karne ya 14, na tangu hapo ufalme haukusimama tena sawasawa. Mahekalu ya miji hiyo miwili, pamoja na la Somanathapura, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023, yaani miaka sita baada ya gemu kutoka.

Walichokitupa ni kipimo. Katika gemu utaona sanamu zenye urefu wa ghorofa nyingi zimechongwa kwenye miamba, maji yakimwagika kutoka mikononi mwake, na mitambo ya mawe inayozunguka ukiigusa. Hoysala wa kweli hawakujenga hivyo. Mahekalu yao ni ya chini, yamesimama juu ya jukwaa lililokatwa kwa umbo la nyota, na sifa yake haitokani na kimo bali na wingi wa nakshi. Walitumia jiwe laini ambalo linachongeka kirahisi likitoka ardhini na kuwa gumu baadaye, ndiyo maana mafundi wao waliweza kuchonga hadi shanga za shingoni mwa mchezaji ngoma na kucha za vidole vyake. Ukuta mzima umejaa safu za tembo, farasi, majani na visa vya miungu, safu juu ya safu. Ili kuupata uzuri huo lazima usogee karibu na utulie, na gemu la kuruka na kupiga risasi haliwezi kumwambia mchezaji atulie, kwa hiyo wakautafsiri wingi kuwa ukubwa.

Siwalaumu sana. Nikitazama ubao wangu wa darasani, najua kwamba mwanafunzi aliyeona sanamu kubwa akaja kuniuliza kuhusu Belur ni bora kuliko yule ambaye hakuuliza kabisa. Ninachowalaumu ni kwamba kati ya Wahindi wote wa hadithi hii, ukimwondoa Chloe ambaye amekulia ng'ambo na msichana mdogo wa sokoni mwanzoni, karibu kila unayekutana naye ameshika bunduki. Hapo naungana na Mzee wa Mbagala kuhusu utalii.

Binti Upanga

Mwalimu, ahsante, nimejifunza, na suala la msichana wa sokoni nakubaliana nalo. Yule mtoto, Meenu, anaonekana kidogo tu mwanzoni, anamtania Chloe, na katika dakika zile chache unaona watu wanaoishi na vita badala ya watu wanaopigana tu. Ningependa wangebaki sokoni kwa muda zaidi.

Mzee wangu wa Mbagala, shikamoo, na naomba nitofautiane nawe kwa heshima kuhusu Nadine. Suala la sauti uko sahihi, na hata mimi nisingelitetea. Ila nadhani tusiishie kwenye sauti tukasahau mhusika alivyoandikwa. Nimecheza magemu mengi yenye Mwafrika ndani yake, na mara nyingi huwa mmoja kati ya wawili: ama ni mtu wa kuokolewa, ama ni mganga anayejua siri za msitu. Freedom Cry, lililochipuka kutoka Assassin's Creed IV, lilimpa Adéwalé hadithi nzito juu ya utumwa wa Haiti, nami nililiheshimu sana, lakini hata hapo mtu mweusi alibeba historia yote mabegani. Nadine habebi mtu. Ni mtaalamu aliyepoteza biashara, ana kiburi, ana hesabu zake, anajua mbinu za kijeshi kuliko mwenzake, na anakasirika vibaya sana anapogundua kwamba amefichwa jambo. Mmoja wa wakurugenzi wawili wa gemu hili, Shaun Escayg, ni mzaliwa wa Trinidad, na mimi huhisi, ingawa ni hisia tu, kwamba mkono wake umo katika jinsi Nadine alivyoachwa awe na dharau bila kuadhibiwa kwa hilo.

Kuhusu Asav, sina cha kumtetea. Alinichosha mimi pia.

Mzee wa Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hoja ya kwamba Nadine habebi mtu nimeipokea, na ni kweli kwamba ukali wake ndio uliofanya nisilale gemu likiwa halijaisha. Kuhusu bonde la sura ya nne bado sijahama hata hatua moja.

Fundi wa Sinza

Nimjibu mleta mada masuala ya utekelezaji, kwa kuwa mwisho wa wiki unakaribia.

Vidani vya Hoysala si vya lazima. Ukivikusanya vyote 11 unapata bangili ya rubi ya malkia, ambayo hutoa ishara ukiwa karibu na hazina iliyofichwa, na kwa mtu asiyetafuta hazina haina kazi. Kwa hiyo malalamiko ya Mzee kuhusu sura ya nne yanapungua nusu kwako wewe: nenda kwenye ngome tatu, piga picha mbili tatu kwa simu ya Chloe kwenye mandhari yanayokupendeza, kisha songa mbele. Ila ukitoka kwenye lile bonde hutarudi ndani ya hadithi hiyo. Itakubidi umalize kwanza ndipo uchague sura upya kwenye orodha.

Kilichobadilika katika uchezaji ni vitu vidogo ambavyo wengi hawavitaji. Chloe anafungua kufuli za masanduku kwa kuzungusha kijiti cha pedi taratibu, na mara nyingi ndani yake kuna silaha nzuri. Ipo pia bastola yenye kizuia sauti, kitu ambacho Drake hakuwa nacho katika gemu la nne. Kwa anayependa kuvizia kwenye majani marefu, bastola hiyo inabadilisha kabisa namna ya kuingia kwenye kambi ya adui: unaweza kumwangusha mlinzi wa mnarani bila kumsogelea, halafu ukashughulika na wa chini mmoja mmoja. Kuna fumbo moja pia ambalo sanamu zenye mashoka zinasogea kila unaporuka kutoka jukwaa hadi jukwaa, na usipohesabu hatua zako kabla ya kuruka utakatwa mara nyingi. Vijana wa benchini walilitegua kabla yangu.

Ukiwa na diski ya PlayStation 4 hutahitaji kuwa nalo gemu jingine lolote. Ni diski inayojitegemea. Kuna toleo la Januari 2022 kwa ajili ya PlayStation 5, Legacy of Thieves Collection, lenye gemu hili na la nne kwa pamoja, lakini hilo halikuhusu kwa sasa. Lilikuja kwenye kompyuta pia Oktoba mwaka huohuo, nalo linadai nafasi ya gigabaiti 126, kwa hiyo kama kuna msomaji anayetaka kulipakua kwa bando la wiki, aachane na wazo hilo mapema.

Kabla hujalipa pale Kariakoo, igeuze diski uitazame kwenye mwanga, hasa upande wa ukingoni. Mikwaruzo ya kwenda katikati kutoka ukingoni haisumbui sana. Ile inayozunguka kufuata mduara ndiyo inayofanya usakinishaji usimame njiani. Muombe muuzaji aiweke kwenye konsoli mbele yako na usubiri hadi usakinishaji upite nusu. Akikataa, njoo Sinza, ninayo yangu, nitakuazima.

Nahodha wa Tabata (mleta mada)

Fundi, nimeipitia dukani leo jioni. Usakinishaji ulifika mwisho bila kusimama, na nimeichukua. Nitaanza usiku huu, nitaviacha vidani vyote, na nikifika kwenye treni nitarudi hapa kumwambia Mzee wa Mbagala ni ipi iliyo bora kati ya hiyo na ile ya mwaka 2009.